Gitaa la Pajani Linachoma Masikio

Benchi la mbele ya karakana ya fundi redio lina miguu mitatu ya mbao na wa nne wa tofali, na asubuhi hiyo lilikuwa limebeba wazee watatu, birika la kahawa na gitaa la mmoja wao, Pajani. Gitaa lenyewe ni la umeme, la kulazwa mapajani: mkono wa kushoto unatelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi, wa kulia unazicharaza, na kidole cha mwisho kinazungusha kitufe cha kuongeza au kupunguza ukali wa sauti. Pajani anaifanya kazi hiyo tangu ana nywele. Sasa kiongozi wa bendi amemwambia, tena mbele ya vijana, kwamba gitaa lake linachoma watu masikio. Likichoma tena Jumamosi, basi akapumzike nyumbani.

— Hebu piga, alisema Fundi kutoka mlangoni.

Pajani akapiga. Muuza duka wa jirani akafunga dirisha.

— Kapasita hiyo. Imechoka.

— Si umeibadilisha jana? aliuliza Pajani.

— Basi imekuja imechoka. Vitu vya siku hizi vinazeekea dukani.

Kapelo, dereva mstaafu asiyevua kofia hata msibani, akaguna.

— Unamwonea bure kapasita wa watu. Tatizo umeme. Umeme wa zamani ulikuwa mnene, ulikuwa na besi. Huu wa leo ukifika huku umeshagawanywa kwa majokofu ya wenye nazo. Sisi tunapata makapi.

— Umeme wapi! alidakia Spika, kinyozi aliyeitwa hivyo kwa kuwa hajui kunong'ona. Simu hizi! Zimejaa hewani mpaka sauti haina pa kupita. Inajibana, inajibana, ikikufikia imekuwa sindano!

— Na mbona sauti yako haijibani? aliuliza Kapelo.

— Mimi nina kifua, bwana!

Walicheka wote isipokuwa Pajani. Kuna jambo hakuwaambia, maana lilimtia hofu: masikioni mwake gitaa lilikuwa tamu, tena limefifia kidogo. Ndiyo maana kila wiki aliongeza ukali, angalau alisikie vizuri.

Akatokea mama mmoja kuchukua pasi yake. Fundi akaingia ndani kuitafuta, yule mama akabaki amesimama, anawasikiliza wanavyobishana.

— Samahani, baba, alimwambia Pajani. Ukiwa unapiga kule jukwaani, nani anakaa mbele kukwambia imetosha?

Kapelo alichungulia ndani ya kikombe chake. Wote walimjua aliyekuwa akikaa hapo.

Alikuwa mke wa Pajani. Miaka yote alikaa kiti cha mbele, na gitaa likizidi ukali alivuta mtandio, akafunika masikio. Hawakuwahi kukubaliana lolote. Kidole cha Pajani chenyewe kilifuata ule mtandio. Mpaka siku moja, katika harusi ya watu, Pajani alichoka kuonekana kama mtoto anayechungwa, akamwambia kwenye kipaza sauti: “Bibie, kama unasikia baridi, si ubaki nyumbani?” Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mkewe naye akacheka kidogo, akabaki nyumbani tangu siku hiyo. Pajani akadhani amesusa tu, hasira zitampita. Ugonjwa ukamkuta huko huko ndani, ukamchukua kabla mumewe hajamwomba arudi.

— Alikuwepo mtu, mama, alisema Pajani. Nilimfukuza mwenyewe.

— Pole, baba.

Fundi akatoka na pasi, mama akaipokea, akaenda zake taratibu.

— Tutakaa sisi! alisema Spika, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. Jumamosi tunajipanga mstari wa mbele, wote. Au vipi?

Pajani akazungusha kitufe kidogo, akapiga noti moja ndefu, akaiachia mpaka ikaisha.

— Hapo je?

— Ongeza, alisema Kapelo.

— Punguza, alisema Fundi.

— Hapo hapo, usiguse kitu! alisema Spika.

Pajani aliwatazama mmoja mmoja, marafiki zake wa miaka mingi, na akaona kwamba kila mmoja alitaka kwa moyo wote kumpa jibu, ila hakuna aliyejua, kama alivyojua mkewe, wapi imetosha. Akachomoa waya, akafuta nyuzi kwa kitambaa, akasema Jumamosi hatakwenda.