Mzee Otuoma na Jengo Lililotazamwa kwa Chini

Leo, Ijumaa tarehe 31 Desemba 1999, Bwana Zadok Otuoma anastaafu baada ya kulitumikia Shirika letu la Majenzi Nyanza kwa miaka thelathini na mmoja na ushee, yote katika Chumba cha Ramani, yote juu ya kiti kilekile ambacho fundi amekishona mpaka akakichoka. Ndiyo siku ambayo redio zinatuambia kwamba huenda kompyuta zote duniani zikachanganyikiwa kwa sababu ya mwaka kugeuka. Wengine humu ofisini wanasema mzee amejua kuchagua siku ya kuondoka.

Uongozi umeniagiza niandike mafanikio yake kwa mpangilio. Nimejaribu, jamani. Nimekaa na kalamu wiki nzima na mpangilio sijauona. Lile jambo ambalo sote tunamkumbukia lilianza kwa kosa, tena kosa kubwa, na mpaka leo hatujaelewana ofisini ni nani hasa aliyelifanya, mtu au mashine. Basi nitaeleza kama lilivyokuwa, na mwenye kuelewa zaidi yangu atanisaidia.

Bwana Otuoma aliajiriwa mwaka 1968, kijana mwembamba kutoka pande za Shirati, akiwa na cheti cha uchoraji ramani na viatu vinavyong'aa kuliko vya mkurugenzi. Amechora maghala ya pamba, nyumba za walimu kule Butimba, masoko, na kanisa moja la Pasiansi, hapahapa Mwanza, ambako anaishi na familia yake hadi leo. Penseli zake huzichonga kwa wembe, na aliyewahi kuugusa wembe ule bila ruhusa hakurudia. Tulimtania kwamba hufunga tai hata akienda kupima kiwanja cha choo. Alitujibu kwamba choo ndilo jengo pekee ambalo wakubwa na wadogo wote huingia, kwa hiyo linastahili heshima.

Kwenye vikao alikuwa msumbufu, tuseme ukweli. Mkuu akimaliza maelezo na sisi tukishaanza kukusanya karatasi, mzee hunyoosha mkono na kusema hajaelewa, arudiwe. Tukarudiwa. Chai ikapoa. Sisi wengine tulikuwa hatujaelewa pia, lakini tulijua kutikisa kichwa kukubali, vizuri, kwa utulivu, kama watu wazima.

Mwaka 1997 ulikuwa mwaka wa hofu. Mashirika yanabinafsishwa, wafanyakazi wanapunguzwa, na kila gari geni likiingia uani tulidhani limeleta majina. Bwana Otuoma alikuwa amebakiza miaka miwili tu. Alituambia waziwazi, bila kuona haya, kitu anachomwomba Mungu: aondoke hapa kwa kuagwa, si kwa kufukuzwa. Kaka yake alikuwa amemwaga unga kiwandani baada ya miaka ishirini, akatoka getini peke yake na kikombe chake cha chai mkononi, na tangu siku hiyo hakuwa mtu wa kuzungumza sana. Mzee aliogopa hilo kuliko ugonjwa.

Katika hofu hiyohiyo wafadhili wakatuletea kazi: zahanati ya kijiji cha Nyamhela, wilaya ya Misungwi, kando ya ghuba. Ramani za karatasi hawakuleta. Walileta kompyuta moja, disketi tatu, na mgeni mmoja mwenye haraka. Alitueleza kwamba jengo zima limo ndani ya disketi, limeshachorwa kwao, na kwamba kompyuta imewekewa programu ya kutazamia. Kutazama tu. Huwezi kuongeza mstari wala kufuta. Unaweza kulizungusha jengo, kulisogeza karibu, kupita ukutani ukaingia vyumbani, na kuzima kile usichotaka kukiona, kama vile paa, mabomba au maandishi. Aliuliza kama tumeelewa. Tukatikisa vichwa. Akapanda ndege saa tisa.

Sasa nieleze tulichokiona. Jengo lilikuwa mistari mitupu, kama tenga la kubebea kuku: vijiti vya mbele na vya nyuma unaviona kwa pamoja, wala hujui kipi kiko karibu nawe na kipi kiko mbali. Ukigusa mausi kidogo tu, jengo linapinduka. Mara limesimama kwa pembe, mara limelala, mara limekuwa mstari mmoja na kutoweka. Kija, mpimaji wetu, alilipoteza kwa siku nzima, tukalikuta limekuwa nukta kwenye kona ya kioo. Mimi kichwa kiliniuma mpaka nikaomba ruhusa. Mzee Otuoma yeye alikaa mbele ya kioo na tai yake, akisema kwa sauti kwamba haelewi, haelewi, haelewi, na mkuu wa idara, Injinia Malimi, akamwomba asiseme hivyo mbele ya watu wa nje.

Maandishi yaliyokuwa ndani ya jengo yalikuwa ya lugha ya wafadhili, nayo yaliziba mistari, kwa hiyo tuliyazima. Mashine ya kuchapia hatukuwa nayo. Basi tukafanya kile ambacho Chumba cha Ramani kimefanya siku zote mchoro ukiwa hauna nakala: mzee alichukua karatasi yetu angavu ya kunakilia, akaibandika juu ya kioo cha kompyuta kwa gundi ya karatasi, akachonga penseli yake, akafuata mistari mmoja mmoja mpaka akaipata ramani ya vyumba vyote. Ilikuwa ramani safi, ya kupendeza. Injinia akaipiga muhuri, ikaenda Nyamhela, wananchi wakaanza kuchimba msingi kwa nguvu zao wenyewe, akina mama ndio wengi.

Wiki kadhaa baadaye mzee alikuwa akichezea ile programu, bado akitafuta kuielewa, akawasha maandishi. Herufi zote zilikuwa zimegeuka, kama gazeti linalosomwa kwenye kioo cha kujitazamia. Akatuita. Tukasogea, tukatazama. Kija akasema huenda kwao wanaandika hivyo. Injinia akasema huenda ndivyo programu inavyoonyesha maandishi. Mzee akalizungusha jengo polepole, polepole, mpaka likakaa ubavu, na hapo ndipo sote tulipoliona paa. Lilikuwa chini. Tulikuwa tumelitazama jengo kutokea chini ya msingi, kama mtu aliyelala mvunguni, na kwa hiyo kulia kulikuwa kushoto na kushoto kulikuwa kulia.

Kisha tukaanza kuulizana nani aliligeuza, lini, na kama labda ni karatasi ndiyo iliyogeuzwa wakati wa kuibandua. Ubishi ule haujaisha. Kija hata jana alikuwa na maelezo mapya.

Ubaya wenyewe ulikuwa huu. Zahanati ile inatazama barabara. Mkono wake wa kulia ni kilima cha mawe, hakuna njia wala nyumba. Mkono wake wa kushoto ni mwalo, wanakotua wavuvi, na wanaume wa kijiji hushinda pale tangu alfajiri. Chumba cha akina mama kujifungulia, chenye dirisha kubwa, kilipangwa kiwe upande wa kilima. Kwa ramani yetu kilikuwa kinakwenda kufungukia mwaloni. Na hakuna mwanamke wa Nyamhela atakayekubali kuugua uchungu mashemeji na wakwe zake wakimsikia huku wakisubiri samaki. Angebaki kujifungulia nyumbani kama zamani, na zahanati ingekuwa ya vidonge vya malaria tu.

Injinia alifunga mlango akatushauri, na alitushauri kwa nia njema, hilo nalisema wazi. Jengo ni jengo, alisema. Kuta ni zilezile, wafadhili watakuja siku ya kukata utepe tu, na ofisi itakayokiri kosa kama hili mwaka huu inajiandikia yenyewe majina ya kupunguzwa. Akamtazama mzee. Penseli ilikuwa ya nani, sote tulijua. Tulimwonea huruma. Na tulimkasirikia pia, kwa nini ameyawasha yale maandishi?

Kesho yake alifunga tai akapanda gari la ofisi kwenda Nyamhela, na mimi nikatumwa nifuatane naye, sijui kama ni kumsaidia au kumzuia. Tuliwakuta akina mama wakiwa ndani ya mitaro mpaka kiunoni, kwenye udongo mgumu wenye changarawe. Mzee akawaamkia, akawaomba waweke majembe chini. Akawaambia kwamba ramani ilichorwa kinyume, kwamba aliyeichora ni yeye, kwamba chumba cha kujifungulia kimekwenda upande wa mwalo na inabidi mitaro ifukiwe na ichimbwe upya. Akasema anaomba radhi. Viatu vyake vilikuwa vimejaa vumbi na hakuvifuta.

Nilidhani tutafukuzwa. Kisha mama mmoja, Ng'washi, kiongozi wa kikundi chao, akapanda kutoka mtaroni, akajikung'uta mikono na kusema:

"Tuliona tangu siku ya kwanza, baba. Tukasema wenye kompyuta hawawezi kukosea. Tulishakubaliana kile chumba tutawekea mbegu za pamba."

Mpaka leo sijui nilitaka kucheka au kulia. Walikuwa wakivunja migongo yao kuchimba chumba ambacho walijua hawatakitumia, kwa kuwa hawakutaka kutuaibisha. Mzee aliuliza kwa nini hawakusema. Ng'washi akamjibu kwamba hata wao walitikisa vichwa. Basi wakachukua majembe wakaanza kufukia, na mzee akavua koti.

Tuliporudi Mwanza adhabu ilikuwa inamngoja. Aliondolewa kwenye mradi, akakatazwa kukanyaga tena Nyamhela, na kwa kuwa kompyuta ndiyo iliyomponza, akaamriwa ailinde yeye: aifunike, aifute vumbi, na aizime umeme ukianza kuchezacheza. Ilikuwa njia ya kumweka kona mpaka majina yatoke. Ofisi ya utumishi, isiyopenda mtu akae bila cheo, ikamwita Msimamizi wa Kompyuta.

Majina yakatoka mwaka 1998. Wenzetu wengi waliondoka, Injinia Malimi akiwamo, na tunamsalimu huko kwenye duka lake la vifaa vya ujenzi ambalo tunasikia linakwenda vizuri. Mzee Otuoma hakuguswa. Washauri waliotumwa kutupunguza walikuwa wameambiwa kwamba watu wa kompyuta wasipunguzwe kwa gharama yoyote, na sisi tulikuwa na mmoja tu. Nimejaribu kuona kama hiyo ni haki, au bahati, au mkono wa Mungu, nikashindwa. Mzee mwenyewe alisema haelewi. Lakini alikuwa akitabasamu.

Zahanati ikamalizika. Siku ya ufunguzi hakualikwa, na baada ya hapo hata angekwenda angeonyeshwa mlango wa nje tu, maana chumba cha kujifungulia kikishaanza kazi si mahali pa mwanamume kuingia. Kwa hiyo chumba ambacho nusura kimgharimu kazi yake, mzee hajawahi kukikanyaga. Anakijua kwa mistari ile ya kwenye kioo tu.

Mwezi uliopita Mama Ng'washi alikuja mjini akapita ofisini kumsalimia, na mfuko wa mchele wa Misungwi kichwani. Akaomba kuiona hiyo mashine. Mzee akaifunua, akafungua jengo, akalizungusha mpaka paa likawa juu, akatuuliza kama kweli ni juu, tukasema ni juu. Akapita ukutani, akaingia chumbani. Mama Ng'washi alikodoa macho kwa muda mrefu, na kwa kweli nilimwelewa, ile mistari si kitu cha kuzoeleka. Halafu akaweka kidole kwenye kioo.

"Kitanda kiko hapa," alisema. "Dirisha hili tunalifungua asubuhi, unayaona mawe tu. Mwaloni hawasikii kitu. Hapa nilisimama mimi, na mjukuu wangu akazaliwa hapa."

Mzee akamwomba amtembeze. Ndivyo alivyosema, amtembeze. Mama Ng'washi akasogeza kidole kutoka mlangoni hadi kitandani, kutoka kitandani hadi kwenye beseni la kunawia, kutoka beseni hadi dirishani, na mzee akamfuata nyuma kwa mausi, taratibu, asije akampoteza. Alipofika dirishani alivua miwani. Chumba kizima tuliacha kuchora.

Mzee Otuoma, tunakushukuru kwa ramani zako, kwa penseli zako zilizochongwa vizuri, na kwa chai zote ulizotupozea. Tunakuombea afya wewe na mama, na siku nyingi za utulivu Pasiansi. Kompyuta tumeifunika. Ukimaliza kuaga mezani kwako, njoo utokee mlango wa mbele. Tumejipanga pande zote mbili, kuanzia mkurugenzi mpaka mlinzi, na hakuna atakayekwenda nyumbani kabla hujapita.

Winnie Kashindye
Kwa niaba ya wenzako wa Chumba cha Ramani