Tarehe ya Kuzaliwa ya Mwalimu Umejuaje

Marehemu bibi yetu alizaliwa Jumanne, tarehe 11 Machi 1947, mtoto wa pili na wa mwisho wa fundi cherehani na mkewe mkulima. Tarehe hii yeye mwenyewe aliijua wiki tatu tu kabla ya kutuaga. Hati zake zote zinasema 1 Julai 1948, siku aliyobuniwa na karani wa shule aliyekuwa na foleni ndefu mlangoni.

Alianza shule ya msingi mwaka 1955, akahitimu shahada ya kwanza mwaka 1971 na ya uzamivu mwaka 1980. Inasemekana aliuliza maswali mengi hadi walimu wakawa wanaisubiri kengele kwa hamu kuliko wanafunzi. Aliyesema hivyo ni dada yake, kwa hiyo tunaiamini nusu.

Kuanzia mwaka 1981 hadi alipostaafu mwaka 2012 alifundisha wanafunzi wa uzamili mbinu za utafiti wa historia, katika chumba namba 14 chenye meza moja ndefu na dirisha lisilofunga. Mwanafunzi akisema lolote, hata kwamba nje mvua inanyesha, aliulizwa, "Umejuaje?" Jina likamganda. Kila mwaka zoezi la kwanza lilikuwa hilo hilo: tafuteni mwalimu wenu alizaliwa lini. Walitawanyika kwenye hifadhi za nyaraka na kurudi na vumbi puani. Mwaka mmoja mwanafunzi aliingia akihema, mkononi ana nakala ya daftari la zahanati.

"Nimeipata, Mwalimu! Tarehe mbili Aprili, arobaini na saba!"

"Soma kichwa cha safu hiyo."

"Chanjo…"

"Ala! Kwa hiyo nilitoka tumboni nikapanga foleni ya sindano?"

Hata hivyo alimpa alama nzuri, kwani ilijulikana sasa kwamba alizaliwa kabla ya siku hiyo. Zaidi ya hapo, kwa miaka thelathini na moja, hakuna aliyefika.

Alifunga ndoa tarehe 6 Desemba 1975 na fundi wa kujalidi vitabu katika maktaba ya chuo. Walikutana alipompelekea kitabu kilichotoboka. Fundi akasema, "Hiki kimeliwa na mende." Naye, kama kawaida, "Umejuaje?" Fundi akafungua ukurasa wa katikati: "Mwenyewe huyu hapa." Walijaliwa watoto wawili.

Mwaka 2021 aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Tarehe 8 Agosti 2023, akiwa kitandani hospitalini, alimwambia mjukuu wake, "Nimefundisha watu kutafuta, halafu mimi nizikwe na tarehe ya karani?" Hakuwa anatania. Dada yake, aliyeishi naye miaka yote na kuwaandalia wanafunzi wake chai, alikuwa pembeni anakunja kanga.

"Siku uliyozaliwa mimi naikumbuka," akasema. "Nilikosa shule siku mbili."

"Dada! Mbona hukuwahi kusema?"

"Nani aliniuliza? Wanafunzi wako waliniuliza sukari iko wapi."

Bibi alicheka hadi muuguzi akaja kuangalia kuna nini. Kisha akamgeukia dada yake. "Nilidhani ulikuwa mdogo mno kukumbuka," akasema polepole. "Kumbe sikuuliza." Halafu akajiinua kwenye mto: "Siku mbili zipi? Umejuaje?"

Mjukuu alikwenda kwenye shule aliyosoma dada wa Bibi. Stoo, chini ya viti vilivyovunjika, aliikuta rejista ya darasa la pili ya mwaka 1947. Mwaka mzima dada alikosa siku mbili tu, Jumanne tarehe 11 na Jumatano tarehe 12 Machi. Pembeni mwalimu aliandika kwa penseli: "Mama kajifungua." Tarehe 24 Agosti Bibi aliisoma picha ya ukurasa huo kwenye simu, miwani puani.

"Lakini huenda nilizaliwa Jumatatu jioni, baada ya masomo."

"Mdogo wangu, nilikuwa nimeshavaa sare. Nikaambiwa vua, kimbia kamwite mkunga."

Bibi akavua miwani. "Basi ni Jumanne. Iandikeni. Lakini wekeni tanbihi."

Alifariki Alhamisi, tarehe 14 Septemba 2023, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa katika mkono wa dada yake. Mumewe alimtangulia mwaka 2016. Ameacha dada mmoja, watoto wawili, wajukuu watano, na wanafunzi ambao idadi yao hatujaihakiki.

Mungu ampokee kwa amani, na asichoke kuulizwa.

*Tanbihi: Rejista ya mahudhurio, darasa la pili, Machi 1947, na maelezo ya dada wa marehemu, ambaye hatimaye aliulizwa.*