Aliyeng'oa Fensi Yake Kwanza: Mzee Erastus Muindi Mutua, 1938–2006

Mzee Erastus Muindi alizaliwa tarehe 3 Machi 1938 huko Kalama, Machakos, mtoto wa nne wa marehemu Mutua na Kamanthe. Alisoma hadi darasa la nane. Hesabu aliziweza, mwandiko ulimshinda hadi mwisho.

Mwaka 1960 aliajiriwa kama askari wa msitu katika hifadhi ya miti ya asili iliyo juu ya kijiji chetu. Miti ya mukau aliijua mmoja mmoja kama mchungaji ajuavyo ng'ombe wake. Mwaka 1964 alimwoa Kanini, na kwa vile bibi arusi alipenda maua, akampandia fensi ya lantana kuzunguka boma. Ilipendeza mno! Majirani wakaja kuomba vijiti wapande kwao.

Kumbe ndege walikuwa wakila matunda yake na kupeleka mbegu msituni. Alipostaafu mwaka 1993, lantana ilikuwa imefunika mabonde mawili, na miche ya mukau haikuota tena. Jambo hilo lilimuuma sana, maana alijua mbegu zilitoka wapi. Akaita mwethya, kile kikundi chetu cha kazi ya pamoja, waende wakang'oe. Mwenyekiti, Bi. Mutheu, akamjibu mbele ya watu:

"Mzee, huko juu hatuendi. Mama yao iko hapa kwa gate yako. Anza na hiyo."

Alirudi nyumbani asijue atamwambiaje mkewe. Mama yetu, Kanini, ndiye aliyemletea jembe, akamwita kwa jina la mtoto wao:

"Ng'oa tu, Baba Kamanthe. Maua nitaona kanisani."

Fensi ikang'olewa. Kesho yake mwethya walipanda kwenda msituni, na kila Jumatano baada ya hapo. Aliyekata kwa panga alikaripiwa. Lazima mzizi utoke.

Mwaka 2005 figo zilianza kumsumbua, akawa akitibiwa Machakos mjini. Hata kitandani aliuliza habari za bonde la pili, lililobaki robo, na alisikitika waziwazi kuliacha hivyo. Alifariki nyumbani Jumatatu, tarehe 14 Agosti 2006.

Ameacha mjane wake, Kanini. Watoto Kamanthe, Mutua na Rodgers. Na wajukuu saba.

Jumatano iliyofuata mwethya hawakuonekana matangani, nasi tukanung'unika. Walifika saa kumi wamejaa udongo. Bi. Mutheu akamshika Mama mkono.

"Mwaitu, mama yetu, tumemaliza. Hata mzizi mmoja haujabaki."

Hapo ndipo Mama alipolia kwa mara ya kwanza.

Pumzika sasa, Baba. Kazi imeisha.