Kidole Hakipo, Maumivu Yapo

Kijiwe chenyewe kiko ubavuni mwa duka la kinyozi, pale barabara inapopinda ghafla kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Ni benchi moja la mbao lenye mguu mmoja mfupi, ukicheka huku mwenzako anayumba kule, na mbele yake birika la kahawa la Shangazi linafuka mvuke tangu asubuhi. Siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha ikaondoka bila kuaga. Ilikuwa ile saa ya baada ya chakula ambapo hata nzi wanatembea badala ya kuruka, na kwenye dimbwi la katikati ya njia mawingu yalipita taratibu, chini kwa chini, kama wapangaji wanaomkwepa mwenye nyumba. Ng'ambo ya barabara, ghorofani, palikuwa na dirisha lenye pazia la kijani. Hiyo ndiyo ofisi ya bima, na Fundi alikuwa na miadi humo saa kumi. Alitangulia kijiweni kwa sababu hakuwa na maneno, na kijiweni, kama kuna kitu hakijawahi kuadimika, ni maneno.

Fundi alikuwa seremala. Miezi kadhaa nyuma msumeno wa mashine ulimla kidole cha kati cha mkono wa kushoto, katika karakana ambamo bosi mwenyewe aliamuru kinga ya msumeno itolewe ili kazi iende mbio. Kesi haikuwa na ubishi. Kidole kina bei yake kwenye jedwali la bima, kama nyama buchani. Ila wakili wake alimwambia kuna malipo mengine, ya maumivu na mateso, na hayo hayana jedwali. "Hayo utayaeleza kwa mdomo wako mwenyewe," alisema wakili. "Wakikuelewa, wanalipa. Wasipokuelewa, umeumia bure."

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Fundi alijua vizuri kinachomuuma. Kile kidole kisichokuwepo kilikuwa kimekunjwa. Kimekunjwa kwa nguvu, ncha imezama kiganjani, kama mtu aliyeshika kitu asichotaka kunyang'anywa. Fundi alikuwa hawezi kukikunjua, maana utakunjuaje kitu usichokuwa nacho? Basi kilimuuma hivyo, akilala na akiamka. Sasa nenda ukamweleze hilo mtu aliyevaa tai.

— Mwambie kinauma kama moto, alianza Profesa. Profesa ndiye kinyozi mwenyewe. Jina hilo alipewa kwa sababu hanyoi mtu bila kutoa mhadhara, na wapo wateja waliowahi kutoka dukani upande mmoja umenyolewa, wa pili unasubiri hoja ikamilike.

— Moto umeshachoka, alisema Dalali. Huyu kazi yake ni kuwatafutia watu nyumba, na baadhi ya alizopangisha zilikuwa bado hazijajengwa. — Kila anayeingia pale anasema moto. Ningekuwa mimi ndiye bima ningekaa na ndoo ya maji tu mezani.

— Aseme nini sasa?

— Aseme jambo la kisheria. Kidole ni mpangaji. Kimehama, sawa, watu wanahama. Lakini maumivu yamebaki mle ndani. Hayana mkataba, hayalipi, na usiku kucha yanasukuma makabati. Haya, Profesa, hasara ya mpangaji wa namna hiyo anaibeba nani?

— Mwenye nyumba.

— Na mwenye nyumba ni nani?

— Si Fundi?

— Basi umeshatuharibia kesi, alisema Dalali, akajificha nyuma ya kikombe.

Fundi alicheka kidogo, benchi likayumba. Shangazi, ambaye hakuwa shangazi wa mtu pale na alikuwa shangazi wa wote, alimwongezea kahawa.

— Mwenzenu anakwenda kuulizwa mambo mazito, aliwaambia. — Msaidieni, msimchoshe.

— Tunamsaidia, Shangazi. Ninachoogopa mimi ni methali, alisema Profesa. — Wale wamesoma. Watamtolea moja tu: kidole kimoja hakivunji chawa. Sasa kama chenyewe hata chawa kilikuwa hakimuwezi, hasara iko wapi?

— Chawa anavunjwa na viwili, alijibu Dalali. — Ukiondoa kimoja, umeua vyote viwili.

— Haya. Watasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Guu, alidaka Dalali. — Kidole hakikutajwa popote. Halafu mkuu si ndiye aliyesema kinga itolewe? Fundi alisikia la mkuu ndiyo yakamkuta.

Profesa aliweka chanuo chini. Akachukua kile kitambaa cha kuwafunga wateja, akakitupia begani, akaketi juu ya kreti tupu kumkabili Fundi.

— Tufanye mazoezi. Mimi ndiye Bwana Bima. Unaumwa nini?

— Kidole.

— Kipi?

— Kile kisichokuwepo.

— Bwana Bima hajaridhika. Onesha kinavyouma.

Fundi alijaribu. Alikunja uso, na uso ukatoka kama wa mtu anayekumbuka alikoacha funguo.

— Kwa uso huo hupewi hata nauli, alisema Dalali. — Pisha hapo. Ngoja nikuumie mimi.

Dalali alisimama. Alikamata mkono wake mzima, wenye vidole vyote, akaanza kwa sauti ya chini kama birika la jirani, akaipandisha, akaishusha, akapiga goti kando ya dimbwi kwa uangalifu suruali isilowe. Macho yalimjaa machozi ya kweli. Mtu mmoja aliyepita na baiskeli, amebeba trei za mayai, alisimama, akavua kofia, akampa pole. Alimpa pole Dalali. Fundi mwenyewe alijikuta anamhurumia, na moyoni akawaza, kumbe ndivyo mtu anavyotakiwa kuumwa. Yangu mimi si maumivu, ni mazoea tu. Na pale ambapo hapakuwa na kidole, kidole kikajikaza zaidi.

— Umeona? alisema Dalali akijipangusa goti. — Hiyo wanalipa na radhi wanaomba.

— Lakini haiko hivyo, alisema Fundi.

— Ikoje?

Fundi alifungua mdomo. Aliyaona maneno yakija, kimekunjwa, kimekunjwa jamani, na nyuma ya maneno akakiona kicheko, benchi zima likiyumba, na jina jipya atakalopewa mpaka kufa. Akafunga mdomo.

— Iko tofauti, alisema.

— Tofauti haina bei, alisema Profesa kwa masikitiko.

Ndipo sauti ikatoka mwisho wa benchi, nzito na yenye usingizi.

— Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Alikuwa Macho. Macho analinda ghala usiku na kulala kijiweni mchana, na hilo jina amepewa kwa sababu hakuna anayejua yake yana rangi gani. Huzungumza bila kuyafungua, kama mtu anayejibu kutoka chumba cha pili.

— Sasa hiyo imeingiaje? aliuliza Profesa.

— Anayeumwa si Fundi. Ni kidole. Basi kiitwe kidole kitoe ushahidi.

— Kitaitwa wapi, kaka? Kiko wapi?

— Kiko kule. Nikilala mimi nakuonaga. Ni mji kabisa. Vitu vyote vilivyokatwa viko kule. Meno ya utotoni yamepanga foleni, madogo madogo, hayasukumani. Kucha zimejaa mapaani, zinang'aa. Na nywele zote za dukani kwako, Profesa, zimeota njiani kama majani. Ukitembea husikiki.

Profesa alishusha sauti.

— Zinatunzwa?

— Zinatunzwa. Hata zile ulizokata vibaya, zimeshasamehe.

Mvuke wa birika ulipanda, ukasahau pa kwenda, ukabaki hapo hapo juu ya vichwa vyao. Kwenye dimbwi wingu moja kubwa lilisimama kama limekuja kusikiliza.

— Viwanja vya kule vinauzwaje? aliuliza Dalali.

— Haviuzwi.

— Mji gani huo, alinong'ona Dalali, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alionekana anaumwa kweli.

— Na kidole changu? Fundi alishtuka kujisikia anauliza. — Umekiona?

— Nimekiona. Kimekaa peke yake kwenye kizingiti cha mlango.

— Kimekaaje?

— Nilikuwa nakisogelea niangalie, ndiyo nyinyi mkaniamsha na habari za chawa.

Fundi alimtazama yule mlinzi kwa uchungu, kama mtu aliyefika stendi akaona basi linakata kona.

Lakini wenzake walikuwa wameshaingia kwenye mji ule na hawakutaka kutoka. Profesa alisema kama mambo ndiyo hayo basi malipo yapelekwe kule kule, kidole kifunguliwe akaunti, na alama ya dole kitaweka chenyewe bila kumsumbua mtu. Dalali alisema yeye naye ana kipande chake kule, kipande cha moyo, alikikata mwanamke mmoja zamani akiwa anacheka, na kama kuna mtu analipa mateso basi foleni ianzie kwake. Profesa akakumbuka mgongo wake, miaka yote ameinama juu ya vichwa vya watu wanaomsimulia safari zao. Shangazi alisema amekaa na moshi huu mpaka ndoto zake zina rangi ya moshi, sasa atamdai nani, kuni? Kila mmoja alizama katika deni lake. Sauti zikawa za chini, tamu, kama za watu wanaogawana urithi wa tajiri ambaye hajafa. Fundi alikaa katikati yao, akajiona yeye ndiye pekee pale asiye na kesi.

Ghafla redio iliyokuwa ikiongea dukani kwa kinyozi ikakatika katikati ya neno. Umeme ulikuwa umekwenda. Kule juu pazia la kijani lilivutwa, dirisha likafunguliwa, na baada ya muda mwanamke wa makamo akatokea mlango wa ngazi akijipepea kwa faili. Alilizunguka dimbwi, akaja hadi kwenye benchi.

— Habari za saa hizi. Namtafuta fundi seremala, mwenye kesi ya kidole. Mimi ndiye ninayesikiliza madai ya maumivu. Umeme umekatika na mle ndani ni tanuri, kama hatajali tuongee hapa hapa.

Profesa alikivua kile kitambaa begani polepole, kama mtu anayerudisha kitu alichoazima bila ruhusa. Wote walikuwa wamejiandaa kwa mwanamume mwenye tai.

— Mgeni njoo mwenyeji apone, alisema Dalali, akampisha nafasi na papo hapo akaanza. — Karibu, mama. Jambo lenyewe ni hivi, kuna mpangaji amehama...

— Ni moto, mama, alisema Profesa, — ila usiuchukulie kama ule wa kawaida...

— Kiko kwenye kizingiti, alisema Macho.

Yule mama aliwasikiliza wote watatu kama anavyosikiliza mtu mvua kwenye bati. Walipovuta pumzi, akauliza:

— Na nyinyi mna madai?

Walitazamana. Mgongo, moyo na moshi vyote vilikuwa hapo, lakini hakuna aliyevitaja.

— Hatuna, alisema Profesa.

— Basi namuuliza yeye. Fundi, pole sana. Kinaumaje?

Fundi aliyatafuta maneno ya kijiweni. Yote yalikuwepo, moto, mpangaji, mji, yamepangwa vizuri, na hakuna hata moja lililomtosha, kama koti la kuazima. Basi akauinua mkono wa kulia, ule mzima. Alikikunja kidole cha kati, akakibana mpaka ukucha ukapotea kiganjani, akaendelea kubana.

— Hivi, alisema. — Kimekaa hivi. Tangu siku ile.

Alisubiri kicheko. Hakikuja. Dalali alikitazama kidole chake mwenyewe, akakikunja. Profesa akakunja. Shangazi aliweka kikombe chini, akakunja. Macho, kwa mara ya kwanza, alifungua macho, akakunja. Wa kwanza kuachia alikuwa Dalali. Alikipuliza kidole, akakinyoosha huku na huku. Kisha Profesa, kisha wengine. Yule mama ndiye aliyekawia kuliko wote. Naye alipoachia, alikisugua kidole chake, akauangalia mkono wa kushoto wa Fundi, ile nafasi.

— Na ukitaka kukikunjua, unafanyaje?

Fundi alimtazama Profesa. Profesa alimtazama Dalali. Dalali, ambaye hajawahi kuletewa swali akakosa chumba cha kulilaza, alitazama viatu vyake. Macho aliyafumba tena yale yake, akaenda kutafuta mle ndani, akarudi mikono mitupu. Shangazi aliinua birika, akalirudisha bila kummiminia mtu.

Umeme ukarudi. Redio ikaendelea kusema ilichokuwa inasema, na hakuna aliyeisikiliza.

— Basi, alisema yule mama akifungua faili gotini. — Nitaandika hivyo hivyo. Nimeuliza, na hakuna aliyejibu.

— Andika na kwamba tulikuwa wengi, mama, alisema Profesa. — Na si watu wa kukaa kimya.

Akaandika na hilo.