Nyasi za Lurambi Zinalipa Nini?

Sogeeni, Willis na Khalayi, kwa maana kifua hiki hakinipi nafasi ya kurudia neno. Shamba la miwa la Ekero mligawane sawa, wa kiume na wa kike, na asiwepo wa kukimbilia kwa chifu. Ploti ya Lurambi ndiyo inayonisumbua.

Miaka ishirini nilitoza ushuru soko la Malava, na ploti ile niliiacha iote nyasi. Lami ikaja, stima ikaja, bei ikapanda nami nimelala. Mwaka wa tisini na tatu nilimnyang'anya Beldina, mjane muuza mboga za mrenda, kapu lake kwa kukosa ushuru wa asubuhi. Hakulia. Alisema tu, "Mzee Osundwa, mimi nalipanga ushuru kila siku. Hizo nyasi zako za Lurambi zinalipanga nini?" Kapu nikalichukua vilevile.

Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini, lakini mimi nilikula kivulini alichochuma mwingine. Nilipomwendea kuomba msamaha alinipa uji, na uji ule uliniumiza kuliko matusi.

Mwaka uliofuata nikasimama kwenye kikao cha baraza, nikaomba ardhi itozwe kodi kwa thamani yake, iliyojengwa na iliyolala, makapu ya akina mama yaachwe. Wenye ploti walicheka, na mwezi haukuisha nikastaafishwa. Wewe Willis ulikataa kula nami Krismasi, ukasema nimemwaga unga wa nyumba hii. Sikukuchukia, mwanangu. Nilichoka tu, na uchovu huo haujanitoka.

Basi, msimuuzie yule tajiri anayetaka kuizungushia seng'enge na kungoja bei. Khalayi ajenge hapo chumba chake cha ushonaji. Mkaiandikishe kwa thamani yake ya kweli, maana mimi nilidanganya kuwa ni kinamasi ili ionekane haina thamani. Kodi ikiwashinda, mwachieni atakayeitumia; ardhi hatukuiumba sisi.

Niinueni kidogo... hapo. Willis, nipe mkono. Huu ni wa Khalayi, naujua kwa alama za sindano. Wako uko wapi?

Ehe. Ndio huo. Usiniahidi kitu, ushike tu.

Mungu wa baba zangu awape... awape watoto wasioogopana. Mlale vizuri. Mmoja asi... asimwache mwenzake.