Bi Mwatum Silima, Muuguzi Tuliyechelewa Kumtembelea

Tarehe 30 Juni mwaka huu Bi Mwatum Silima anastaafu, baada ya miaka thelathini na nne ya uuguzi, ishirini na miwili kati ya hiyo katika kliniki yetu ya afya ya akili hapa Chake Chake.

Sauti yake haina mfano. Akimwita mgonjwa ndani, hata wapita njia barabarani huitika. Wala haridhiki kugawa dawa tu. Lazima aulize mtu anaishi na nani, anakula na nani.

Himid, mvuvi wa Wambaa, alikuja miezi mitatu mfululizo akilalamika kukosa usingizi. Bi Mwatum ndiye aliyegundua kwamba hasemi na nduguye tangu wagombee mikarafuu ya marehemu baba yao. Siku yake ya mapumziko alikwenda Wambaa, akawaketisha wote wawili barazani mpaka wakazungumza. Dawa Himid aliendelea nazo kwa muda, lakini safari iliyofuata alikuja na nduguye, na pweza wa Bi Mwatum mkononi.

Linaloniuma ni hili. Miaka mitatu iliyopita alifiwa na mumewe, Mzee Abrahman. Tulizika, tukasoma hitma, tukarudi kazini. Alipomaliza eda akarejea akiwa mtu mwingine: kazi hakosei, lakini hacheki, na chakula chake anarudi nacho nyumbani. Sisi wenye vyeti tukaambizana kwamba anahitaji kuachwa apumue. Kwa kweli tulikuwa hatujui la kumwambia.

Aliyekwenda kwake Tibirinzi ni Konsolata, mfanya usafi wetu, kila Jumapili akitoka kanisani. Walichambua mchele pamoja. Siku nyingine walizungumza, siku nyingine walinyamaza. Ilichukua karibu mwaka mzima, lakini Bi Mwatum alianza tena kula na kucheka nasi.

Mwaka jana nilimwomba radhi. Akanishika mkono, akasema, "Nshakusamehe, Asya. Lakini siku zile nkisikia hodi, nkidhani ni nyie."



Bi Mwatum, ahsante kwa wagonjwa uliowarudisha kwa watu wao, na kwa subira uliyokuwa nayo kwetu. Ile miezi hatuwezi kukurudishia. Tunakuombea kwa Mwenyezi Mungu afya, usingizi mwema na nyumba isiyokauka wageni, nasi tuwe miongoni mwao.

Asya Ishak, kwa niaba ya wafanyakazi wenzako