Blanketi la Mzee Munyao na Miche ya Akeyo

Mchungaji, jamaa zetu wa Mwala na majirani wa Kawangware, mimi ni Mwongeli, kifungua mimba wa marehemu, na familia imenituma nisome maisha yake, ingawa humu kuna jambo ambalo ningependa lisomwe na mtu mwingine.

Mzee Munyao Muia alizaliwa tarehe 9 Machi 1949 huko Mwala, Machakos, akasoma hadi darasa la nne, mwaka 1961, kisha akarudishwa nyumbani kuchunga mbuzi. Mwaka 1968 alikuja Nairobi, akaajiriwa kutunza bustani Lavington, na huko akajifunza kazi iliyotulisha, hasa ile ya kukinga miche na baridi ya mwezi wa Julai: kumwagilia asubuhi wala si jioni, kutandaza nyasi kavu shinani, kusimika vijiti na kutandika gunia juu yake lisiguse jani, kisha kulifunua jua likitoka. Tarehe 14 Desemba 1974 alifunga ndoa na mama yetu, Ndunge, wakajaliwa watoto wawili, mimi na Timothy, na mwaka 1991 akafungua kitalu cha miche hapa Kawangware, chini karibu na mto, pamoja na jirani yetu Akeyo, ambaye tulimwita shangazi bila mtu kuuliza kabila.

Tarehe 30 Desemba 2007, matokeo ya uchaguzi yalipotangazwa, kabila liliulizwa. Shangazi alifukuzwa nyumbani kwake na watu ambao baadhi yao wameketi hapa, akakimbilia Gatwekera, Kibera, akiacha miche sitini ya avokado aliyoiunganisha kitawi kwa shina kwa mikono yake, na vijana walipokuja kuiteketeza, Baba, mzee wa kanisa asiyejua kudanganya, aliwaambia ni yake, wakachoma magunia tu wakaondoka. Uongo huo aliuungama kanisani mwezi wa Aprili, lakini miche aliendelea kuilinda.

Julai hii baridi ya bondeni ilikuwa kali, magunia hayakuwepo, Baba akachukua blanketi la kitandani mwake akaifunika miche, ilhali kifua kilimsumbua tangu ule moshi. Tuligombana sana. Jioni ya tarehe 14 nililitoa blanketi kwenye vijiti nikamfunika yeye akiwa amelala, na asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe kwa barafu, miche kumi na tisa imekuwa myeusi kama iliyomwagiwa maji moto. Hakunigombeza, alilirudisha tu blanketi pale, akasema, “Mwongeli, mimi nikisikia baridi nasema, mche hausemi.” Nilimjibu vibaya, na maneno hayo siwezi kuyasoma hapa.

Tarehe 19 alilazwa hospitalini kwa nimonia, akafariki alfajiri ya tarehe 27 Julai 2008, akiwa na miaka hamsini na tisa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuchangia, na wenzake wote wa vitalu vya kando ya barabara. Shangazi Akeyo, miche yako iliyobaki ni arobaini na mmoja, ile mingine niliiua mimi, unisamehe. Leo asubuhi umekanyaga Kawangware kwa mara ya kwanza tangu ufukuzwe, umebeba magunia matano yanayonuka omena, wale dagaa wa ziwani, ukaifunika miche yako mwenyewe na kunirudishia blanketi.

Tumemfunika nalo ndani ya jeneza. Baba, miche ina magunia sasa, hilo ni lako. Lala kwa amani, wala usiamke kuangalia.